Askari wa Ngamia Aliyemwimbia Fahali

Apa, baba yangu uliyelala,

Ejok? Hujambo huko? Sisi wa Lodwar ni wazima, na joto ni lile lile ulilotuachia.

Unakumbuka uliponipandisha ngamia wa serikali ya mkoloni ukingoni mwa mto Turkwel? Ulikuwa na kofia, mshipi, bunduki na maringo ya watu wanne. Ghafla ukamkumbuka fahali wako mweupe, yule uliyempinda pembe moja kwa mikono yako, ukaanza kumwimbia. Na mwanamume wa kwetu akimwimbia fahali wake, lazima ainue mikono yote miwili iwe pembe. Hatamu ukaachia. Ngamia akaona majani ya mgunga akaenda zake, sisi tukaenda mchangani. Ukajipangusa ukasema, "Askari haanguki, kijana. Anashuka."

Wenzako walinihadithia kwamba hata kwenye doria uliimba hivyo hivyo, sauti inafika Kakuma kabla ya ngamia. Mzungu, mkubwa wenu, alikuja kukamata mifugo kwa ajili ya kodi, akakuta mavi tu. Nilikucheka miaka mingi kwa hilo. Wewe ulitafuna tumbaku tu.

Sasa sikia. Mwaka huu wa 2013 mwanangu Ekai, mjukuu wako, alipata mchumba huko Kakuma, tukaenda kuposa. Mjomba wa binti akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ningeweza kudanganya, kipaji changu unakijua. Lakini nikasema: wa askari wa ngamia.

Mjomba akainuka. "Hao ndio waliwanyang'anya wazee wetu mbuzi. Binti haendi huko."

Ekai alinitazama, Apa, macho yake yakaniuma.

Pembeni alikuwa bibi wa binti, kikongwe asiyeona tena. Akauliza, "Askari yupi?"

Picha yako sina, cheti sina. Nikasimama, magoti yakinung'unika, nikainua mikono nikaimba: Mweupe wangu, pembe moja yatazama mvua, pembe moja yanitazama mimi.

Bibi akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Huyo! Tukimsikia tu, mama anasema, ficheni mbuzi korongoni, mwimbaji anakuja. Hatukupoteza hata mmoja." Akamgeukia mjomba: "Na wewe mwanangu, keti. Maziwa ya mbuzi hao ndiyo yaliyokukuza."

Akaketi.

Arusi ilikuwa juzi. Hata majirani wa Sudan Kusini walikuja kutoka kambi ya wakimbizi, nao wana mafahali wao wa kuwaimbia, kwa hiyo mikono ilijaa hewani.

Swali moja linaniwasha. Ulikuwa unawaonya watu, au ulikuwa unaringa tu? Bibi anaapa uliwaonya. Mimi ninayekujua nasema uliringa. Tumebishana mpaka pombe ikaisha.

Nikaomba ngamia wa jirani nipande, niimbe kama wewe. Nikainua mikono yote miwili. Ekai alipokuja mbio kuniokota mchangani, nikamwambia atulie: sijaanguka, nimeshuka.

Lala salama, na ukimwona yule mweupe, mwimbie kwa sauti.

Ni mimi mwanao, uliyeshuka naye.