Alipima Kabla ya Mahari

Jumatatu, 3 Machi 2025. Bukoba
Majibu yametoka. Joviana wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu. Miezi tisa tu! Vidole bado vimevimba. Daktari alianza kunieleza jinsi mtoto anavyorithi, nikamwambia ninafundisha baiolojia. Lazima kinasaba cha ugonjwa huu kitoke kwa mama na kwa baba pia. Changu nilikijua tangu chuo. Tukiwa wachumba nilimsihi Buberwa akapime. Akanishika mikono: "Judica, kupima ni kumjaribu Mungu." Nikajiona mwenye imani haba. Nikaacha.

Jumatano, 5 Machi
Tumerudi nyumbani, Izigo. Buberwa kalia sana. Anataka tufunge na kuomba, dawa zisubiri. Nimempa mtoto dawa. Kisha nami nikafunga. Vyote viwili! Sijui ni imani au woga.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kaja na ndizi. Kampakata mjukuu wake, machozi yanamtoka. Kasema hofu hii alikuwa nayo tangu Buberwa alipopima.
"Alipima lini, Mama?"
Kashangaa. "Si kabla ya mahari!" Hospitalini walimkuta na kinasaba. Akawaambia nyumbani kwamba mimi ninajua, tumekubaliana kumwachia Mungu.
Tumekubaliana!
Niliendelea kumenya ndizi. Nikajikata, wala sikusikia.
Mungu sijamkasirikia. Hapana — nimemkasirikia. Jina lake ndilo nililofungwa nalo mdomo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemuuliza Buberwa. Hakukana. "Ungenikataa," kasema. Basi, hilo tu.
"Na Mungu uliyenitajia?" nikamuuliza. Kaapa kwamba aliamini kweli atatuepusha. Labda ni kweli. Heri angekuwa mwongo mtupu, ningejua la kufanya.

Jumapili, 9 Machi
Ibadani mchungaji kaita wazazi wenye watoto wagonjwa. Buberwa katangulia na Joviana. Akaomba kipaza sauti, akasema sisi hatukujua. Hatukujua! Mbele ya madhabahu. Mimi nimesimama kwenye kwaya, nimevaa joho. Sikushuka.

Jioni. Joviana anachemka. Kifua kinapanda na kushuka haraka. Daktari alionya: homa, usingoje. Nimepiga simu, pikipiki ya kutupeleka hospitali inakuja. Buberwa kapiga magoti sebuleni, anaomba kwa sauti ya kulia. Ananiita, "Mama Joviana, njoo uitikie, wawili tukipatana atasikia." Mtoto nimemfunga mgongoni, joto lake linapenya kanga. Pikipiki inapanda kilima. Bado anaita —
Amina. Loh, nimeitikia! Kiatu kimoja hakionekani, naenda hivyo hivyo