Mashine Kubwa na Ukuta wa Mwanahawa

Jumanne, baada ya alasiri

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika mke na ndugu wanne, na mafuriko ya hapa Tindiga yamenikuta yakaniacha. Leo mashine ya kuoshea kwa presha imenishinda. Hapana, haijanishinda.

Muuzaji kule Mikumi alisema, "Shikamoo mzee. Ya nyumbani chukua hii ndogo. Ile kubwa ni ya kuoshea malori."

"Marahaba. Mimi naonekana mdogo?" Nikabeba kubwa.

Kuitunza naijua. Maji nachuja kwa kitambaa mchanga usiingie, na siiwashi mpaka bomba lijae. Nilichokosea ni ncha ya kutolea maji. Nilifunga ile nyembamba kabisa, nikaelekeza ukutani kutoa tope la mvua.

Tope likatoka. Udongo nao ukatoka, pale chini ya dirisha alipokandika marehemu mke wangu Mwanahawa, akaacha alama za vidole vyake.

Jirani yangu Mama Zuhura akapiga kelele, "Mzee Salum, zima! Unaosha nyumba au unaivunja?"

"Naosha!" Nikaendelea kidogo, nisionekane nimekosea. Hapo ndipo vidole vya mwisho vilipoondoka.

Tangu hapo sikai. Naenda ukutani, narudi. Udongo mpya nimeshakanyaga, kukandika najua kuliko fundi yeyote, lakini alama zitakuwa zangu.

Wanangu nitawaambia ni mvua. Humu daftarini naandika kweli: ni mimi. Mama Zuhura aliona.