Kuku, Kisu na Kidonge

Jumanne, 8 Julai
Nachinja tangu alfajiri. Kila kuku, shaka ileile: nimesema Bismillahi, au nimedhani nimesema? Kuku hachinjwi mara mbili. Nikimtilia shaka namtupa, nachinja mwingine. Leo nimetupa kuku wa mama mmoja mbele ya macho yake. Mzee Shomari, mwenye banda la kuchinjia, kaniambia nikiharibu tena nitafute kazi kwingine. Kazi nyingine siijui.

Jumatano, 16 Julai
Mke wangu Mwanaidi kanipeleka hospitali, nataka sitaki. Daktari ni binti mdogo, nikataka kumdharau. Akaniuliza maswali kama mtu aliyewahi kupanga chumba kichwani mwangu. Kumbe ugonjwa huu una jina, na dawa ipo. Fluoksetini, kila asubuhi. Itachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na nisiiache bila kumwuliza. Niliona haya kuipokea.

Jumamosi, 19 Julai
Upuuzi mtupu. Nimeweka kidonge mdomoni, nikasema Bismillahi, nikatia shaka, nikarudia, nikarudia tena, mpaka ganda likayeyuka ulimini. Heri shubiri. Mwanaidi kacheka hadi kakaa chini. Mimi nilitaka kulia.

Alhamisi, 31 Julai
Dawa inanichafua tumbo. Usingizi hakuna. Mikono inatetemeka, na kazi yangu ni kisu. Shaka iko palepale. Juzi jirani yetu Baba Asha kaiona pakiti. "Braza, hizo dawa za vichaa. Ukizianza ndo' basi tena."
Nimeacha tangu siku hiyo. Mwanaidi hajui.

Jumatano, 6 Agosti
Oda ya walima, karamu ya harusi. Matenga yamejaa, watu wanasubiri. Kuku wa kwanza tu, nikaganda. Nilitamka Bismillahi tena na tena, kuku mkononi, kila mtu ananitazama. Mzee Shomari akakichukua kisu mkononi mwangu. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma.
"Nenda nyumbani, mwanangu. Ukipona, njoo. Usipopona, usije."
Nilimwambia Mwanaidi yote, hata habari ya kuacha dawa. Akavaa baibui, tukarudi hospitali.

Jumatatu, 25 Agosti
Dawa nimeianza upya, na daktari anaongeza dozi kidogo kidogo. Kanipa na zoezi: shaka ikija, nisirudie. Niiache ipige kelele mpaka ichoke. Shehe wa mtaani naye kasema hivyohivyo, kwamba shaka haiondoi yakini. Rahisi kwao. Mimi jasho linanitoka nikinywa maji tu bila kurudia. Mwanaidi anauza vitumbua peke yake, nami nimekaa. Naona aibu.

Ijumaa, 12 Septemba
Tumbo limetulia. Nalala. Leo nimekula chakula cha mchana chote, kisha ndiyo nikakumbuka kwamba sikurudia Bismillahi. Nimeogopa kufurahi.

Jumamosi, 27 Septemba
Nimerudi bandani. Shikamoo, marahaba, basi. Mzee Shomari kanipa kisu na kuku mmoja, kakaa pembeni.
Nimechinja. Shaka ikaja, ila leo ilikuja kwa sauti ndogo. Kuku kanyonyolewa, mteja kanyoosha mkono. Nimpe, au nimtupe kuku? Mkono wangu ulikuwa mzito. Nikampa.
Kaondoka naye. Nilimtazama mpaka akavuka barabara. Sikumwita.
Nilipogeuka, Mzee Shomari alikuwa ameshatoa wa pili kwenye tenga.