Mazuti ya Mashine ya Povu

Afrika ya Kusini, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Mwaka wa pili sasa tangu niondoke Mususa.

Yaya Paluku,

Mumeamkaje huko nyumbani? Mgongo wa Mama unamwacha alale? Mimi mwili uko sawa, ni roho tu haitulii.

Uliuliza kazi yangu. Tunasafisha makaa ya mawe, yale madogo kama unga yaliyochanganyika na udongo. Yanaingia ndani ya birika kubwa la maji, wanatia mazuti kidogo, yale mafuta ya malori, upepo unapulizwa toka chini. Mazuti inashikisha makaa kwenye povu, yanapanda juu. Udongo unabaki chini. Juma langu la kwanza nilikwangua lile povu lote nikalitupa, jinsi Baba alivyotufundisha kutupa kahawa mbovu inayoelea majini. Walicheka sana, na mimi nikacheka.

Sasa hawacheki. Wamekuja mainjenieri kurekebisha mashine ili makaa yasipotee. Wanapunguza upepo, wanainua povu, wanapima, lakini maji ya uchafu yanatoka meusi bado, makaa yamo. Kapita, msimamizi wetu, akawaambia mbele yangu, "Muulizeni huyu wa kahawa." Wanaona ni mimi ninayepoteza makaa. Yaya, tangu lile juma la kwanza sijatupa povu tena.

Nimewaza: kama upepo ni mzuri na makaa hayashiki, basi mazuti haifiki. Anayeitia ni Muhindo, yule wa Beni, jirani na kwetu, ninayelala naye chumba kimoja. Juzi nilitafuta viatu vyangu chini ya kitanda chake, nikakuta bidoni. Akasema ni ya maji. Ilinuka mazuti. Nilipozidi kumtazama, akasema polepole, "Kasereka, sisi ni batoto ba fasi moja. Hapana kunichunguza."

Tangu hapo anakula na kapita. Chai akinitengenezea, naiacha ipoe, sithubutu kuinywa.

Kesho injenieri mkubwa ataniita, anataka kujua kama nibaki ao nifukuzwe. Nitamwomba apime mazuti mwenyewe. Jina la Muhindo sitakuwa wa kwanza kulitaja.

Nisalimie Mama, bibi yangu Kavira na batoto, na baba mkwe kule Kalunguta. Ukikutana na mama ya Muhindo kwenye soko la Bulengera, msalimie vizuri, lakini usimwambie kitu.

Wakinisadiki, nitakuja Noeli. Ukiniona mlangoni kabla ya Pasaka, usiniulize mbele ya watu.

Mdogo wako,
Kasereka