Kuni za Msiba wa Kuigiza

Mjukuu wangu Nkwimba,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Didia tupo, ila goti linamsumbua bibi yako. Baba yako ametuletea mchele kutoka Kagongwa.

Umeniuliza ni siku gani niliogopa kuliko zote katika kazi ya kuongoza filamu. Nakujibu haraka, maana umeandika kwamba wiki ijayo unapiga picha za msiba wa filamu yako huko Geita, na tangu nisome hilo sijatulia.

Ilikuwa tamthilia yangu ya kwanza ya televisheni, hapa hapa kijijini. Niliomba ruhusa ya kuigiza msiba kwa mwenye mji peke yake, yule mwenye nyumba tuliyoitumia. Waigizaji walipoanza kulia, niliwaona wanawake wanakuja mbio kutoka mashambani, vichwani wana kuni na unga, wanalia kweli. Nikajua wamedhani kuna msiba. Sikusema "kata" ili kamera isimame. Kilio kile kilikuwa kizuri mno.

Tulipowaeleza, hakuna aliyetutukana. Mama mmoja mzee alitua mzigo wake akasema, "Kuni za msiba hazirudi nyumbani, mwanangu. Sasa nimwachie nani?"

Mwenye mji akasema kwake hazilali, zisije zikamwitia msiba wa kweli. Nikazipakia kwenye gari letu.

Pita kwanza nyumba kwa nyumba, Nkwimba, uwaambie majirani wote. Ukimaliza nipigie simu.

Kuni zile zinaliwa na mchwa nyuma ya jiko letu. Mpaka leo bibi yako hajathubutu kuwasha hata kijiti.

Babu yako