Barua Ambayo Hukuiandika

Lurambi,
S.L.P. 1127,
Kakamega.
14 Septemba 1996

Mpendwa Kaka Phanuel,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Hali yako ikoje huko Francistown? Kifua hakikusumbui siku za baridi? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ni magoti tu yanayomlalamikia akitoka shambani. Mahindi tumeyavuna yakiwa na unyevu, basi tunayaanika kila jua likichungulia na kuyakimbiza ndani mvua ikianza.

Ni miaka saba tangu uondoke, na miwili tangu barua yako ya mwisho. Nimekukumbuka mno, na sitajifanya kwamba sijakasirika. Lakini leo sikuandikii kukulaumu. Safari hii mwenye makosa ni mimi, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Tangu Mei nimejiunga na darasa la kuandika hadithi. Usicheke. Tunakutana kila Jumamosi katika chumba kidogo nyuma ya maktaba, walimu wachache wa shule za msingi kama mimi na mkulima mmoja wa miwa kutoka Butali ambaye huja na gambuti zake zenye matope. Anayetufundisha ni Mwalimu Yakub, mstaafu wa Mumias. Hukataa kusoma hadithi nzima. Anataka kwanza tumjue mtu tunayemwandika, kwa hiyo hutupa mazoezi: andika vilivyomo mfukoni mwake, andika anavyokula kuku mbele ya wageni, andika uongo anaopenda kuusema.

Mimi nilimchagua mwalimu aliyekwenda kufundisha nchi ya mbali asirudi. Unajua ni nani. Mfukoni nilimtia kalamu nyekundu na maganda ya karanga, kwa kuwa wewe hukuwa ukitupa maganda ovyo. Kwenye kuku nikaandika jinsi anavyompitishia dada yake kipande cha firigisi chini ya meza, ingawa kwa mila yetu firigisi ni ya wanaume. Baba hakuwahi kutugundua, au alijifanya tu.

Pamoja na hayo yote, darasa likasema mtu wangu hana uhai. Yule mkulima wa Butali akaniuliza, "Sasa huyu anatakanga nini? Mbona harudi kwao?" Niliumia sana, Kaka. Niligundua kwamba najua ulivyokuwa, ulivyo sasa sijui.

Mwalimu Yakub akanipa zoezi lingine. Alisema nimwache huyo mtu amwandikie mama yake barua, aseme lile ambalo limemshinda kusema. Niliiandika kwa kikao kimoja, nikilia kidogo. Katika barua hiyo anakiri kwamba mkataba wake wa kazi ulikwisha zamani, kwamba anafundisha watoto wa watu majumbani mwao, na kwamba amekaa kimya kwa sababu anaona haya kurudi bila kitu. Mwishoni anaahidi kuja Disemba. Chini yake niliandika Phanuel, kwa sababu mkono ulikataa jina lingine.

Karatasi nikaiacha mezani. Unakumbuka Mama hajui kusoma, na barua zako, zikija nikiwa kazini, alikuwa akisomewa na Milcah wa jirani. Jumatatu nikiwa shuleni Milcah alipita kuomba chumvi, akaiona, akaona na jina, na mwandiko wetu unajua unafanana. Angefikiria nini kingine? Akamketisha Mama akamsomea yote.

Niliporudi nilimkuta Mama amekanda udongo na samadi, anasiriba isimba yako, kile kibanda ulichojijengea ulipokuwa kijana. Tulikuwa hatujakifungua tangu uende. Alikuwa amekwisha kumtenga na jogoo wa kukupokea. "Milcah amesoma barua," akaniambia. "Huyo ni Phanuel kabisa. Hivyo ndivyo anaongeanga."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Badala yake nilikunja mikono ya blauzi nikamsaidia kusiriba. Niite mwoga, sitabisha. Ila tangu Baba afariki sijamsikia Mama akiimba kazini, na siku ile aliimba mpaka ukuta wa mwisho.

Jana akaniambia nichukue kalamu tukujibu. Nikaandika kila neno alilolisema, akijibu barua ambayo hukuiandika. Majibu hayo yamo ndani ya bahasha hii. Utaona hakuuliza lolote kuhusu kazi.

Kaka, labda nimekukisia vibaya. Labda una kazi nzuri na mke mzuri, na sisi tumekutoka tu akilini. Ikiwa ni hivyo, mwandikie Mama mwenyewe kabla ya Novemba kuisha, nami nitapiga magoti nimwambie nilichofanya. Lakini kama nilipatia hata nusu, basi hayo majibu ni yako kwa haki. Yasome ukiwa umeketi. Mstari wake wa mwisho nilimwomba aurudie, si kwamba sikuusikia: "Kuja tu na mikono mitupu. Hata siku nilikuzaa ulikuja nayo hivyo."

Milcah anakusalimu, naye hajui kwamba alisoma zoezi la darasani. Shangazi Alice wa Mautuma anakuulizia kila siku ya soko. Mungu akutunze huko uliko, akupe afya, na akuondolee haya, kama ni haya inayokuzuia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Selpher