Video Nne za Mama Akisuka

Leeds,
Jumapili mchana

Kwako Kaka Mwadime,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, na nauliza hali za wote mlioko Voi na walioko juu Sagalla. Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Goti lako je? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenizoea kuliko nilivyoizoea mimi.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu na wewe imenishinda. Nikiuliza jambo la maana, papo hapo network inapotea, halafu baada ya saa moja unanitumia picha ya mbuzi. Karatasi haina network, Kaka. Leo utanisikia hadi mwisho.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, naangalia filamu walizopiga watu wengine, nakata hapa, naunga pale. Wiki hii yote nimeshinda na mzee mmoja anayefungua mlango. Amefungua mlango huo mara nyingi mpaka nimeota bawaba zake. Mara zote anaufungua kama mtu anayejua anatazamwa, isipokuwa mara moja, kabla hajaambiwa aanze, alipoufungua tu aone kama unafunguka. Hiyo ndiyo tuliyoichukua. Sekunde tano, Kaka, na kwa hizo tano tumetupa siku nzima ya jasho la watu.

Ndiyo maana nilikuomba kitu kimoja tu, na nimekiomba tangu Pasaka: video ya Mama akisuka kikapu. Mama anazeeka, na siku atakapoacha kusuka, sitakuwa na mahali pengine pa kuiona ile mikono ikifanya kazi. Picha yake ninayo ukutani, lakini picha inamsimamisha mtu. Filamu inamwacha aendelee na mambo yake, na mimi nilitaka Mama aendelee. Kwa hili tu nimegombana na wewe miezi yote hii, na kusema kweli umenichosha.

Video ya kwanza, Mama yuko mbele ya nyumba kwenye kiti cha plastiki, amevaa suti ya zambarau ya kanisani, na viatu! Amekumbatia kikapu kilichokwisha kusukwa kama mtu aliyeshinda zawadi. "Bwana asifiwe Wakesho, sisi huku hatujambo, Mungu ni mwema." Kisha wanasikika kuku tu. Nilipokupigia kulalamika ukaniuliza, "Sasa wewe unataka aweje? Ameoga, amevaa vizuri, na bado unanung'unika?"

Nikakueleza polepole. Avae leso yake ya kila siku, akae chini, asokote katani kwenye paja kama alivyofanya maisha yake yote. Ukapandisha sauti ya mwalimu: "Yaani nimpige video mama yetu paja likiwa nje, itumwe Ulaya?" Kaka, paja hilo ndilo limetusomesha. Hakuna mama wa Sagalla asiyesokotea katani pajani, na hujawahi kuona aibu ukipita barabarani. Mkishika simu tu, ghafla wote mnakuwa wageni rasmi. Kwenu video bado ni ile picha ya studio ya Voi, ya kusimama wima karibu na ua la plastiki na kutopumua.

Ya pili ndiyo iliyonipandisha presha. Shangazi Mghoi anasuka, Mama amekaa kando anatabasamu! Nampenda Shangazi, lakini sikumwomba yeye. Ukasema Mama amechoka, macho yanamsumbua kidogo, ni vumbi tu. Nikakubali, kwa sababu vumbi la huko nalijua.

Ya tatu sitaisahau mpaka nife. Ulikwenda kwa yule kijana wako wa video za harusi hapo Voi. Mama akainua mkono polepole kama yuko ndani ya maji, maua ya waridi yakamwagika kutoka mbinguni, kwaya ikaimba juu yake mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwa anasema kitu na sikusikia hata neno. Mlifunika sauti ya mama yangu na kinanda, halafu ukaniuliza kama nimependa. Nilikujibu vibaya siku hiyo. Naomba radhi kwa maneno, siyo kwa hasira.

Halafu Jumatano ikaja ya nne. Nadhani ulikuwa na haraka, bodaboda inakusubiri, kwa hiyo ulituma yote bila kukata. Mwanzoni simu imeshikwa chini, naona vidole vyako na kipande cha mkeka. Kisha inainuka, na huyo hapo Mama, amekaa chini na leso yake, anasokota. Hajui kama umewasha. Nililia hapo hapo kazini, Kaka, kwa furaha. Mikono ile! Inakwenda huku yeye anakugombeza kuhusu mtungi wa maji ulioacha wazi.

Kisha akashika nyuzi mbili, akaziinua mbele ya uso, akauliza, "Hii ni nyekundu ama nyeusi?"

Nawe ukajibu, "Nyekundu, Mama."

Hukushangaa. Ulijibu kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye ameulizwa hivyo kila anapopanda Sagalla kwa muda mrefu. Halafu ukapaza sauti, "Haya Mama, salimia Wakesho!" Akageuka, akatabasamu vizuri sana, akausalimia ukuta. Na simu ikayumba kidogo, ukasogea hatua mbili, ukaenda kusimama pale macho yake yalipoelekea.

Nikazirudia zote. Kaka, hii ndiyo kazi ninayolipwa kufanya, nilipaswa kuona mapema. Ya kwanza, kabla ya "Bwana asifiwe," simu inayumba kidogo, hatua mbili. Ya pili pia. Hata kwenye ya tatu, chini ya yale maua yenu, inayumba. Miezi yote nimekasirika nikidhani hujui kushika simu, kumbe ulikuwa unajua sana. Suti, kiti, Shangazi, maua, vyote vilikuwa vya kunificha kwamba Mama haoni. Kamera haina adabu, Kaka. Huwezi kuielekeza kwa mtu halafu ukaiamuru inyamaze.

Nina hasira nawe kuliko nilivyowahi kuwa. Naijua sababu, mlisema nitaacha kazi nirudi, na Mama mwenyewe pengine ndiye aliyekukataza. Lakini mimi si mgeni wa kupangiwa viti. Niambie ni tangu lini. Niambie kama amefikishwa kwa daktari wa macho au mnampaka dawa ya duka. Mpeleke wiki hii, hata kama itabidi umbebe mpaka barabarani. Nimeomba likizo, nimekubaliwa wiki tatu, na nitafika kabla shule hazijafungwa.

Nisalimie wifi, ambaye najua alitaka kuniambia siku moja kwenye simu akayameza maneno. Nisalimie Shangazi Mghoi na umwambie kusuka kwake ni kuzuri, sina neno naye. Nisalimie watoto, na yule mzee wa kanisa jirani yetu anayewachotea maji.

Barua hii niliianza mara mbili nikimwandikia Mama. Tangu nikiwa shule ya bweni, barua zangu amezisoma yeye mwenyewe, mlangoni, kabla hajampa mtu mwingine. Mara zote mbili nimechana karatasi. Msomee yote, hata pale nilipokugombeza. Akiuliza kwa nini safari hii nimeandika kwako, mwambie Wakesho anajua.

Mdogo wako mwenye hasira na anayekupenda,
Wakesho